Nilijua Hesabu ya Kamari, Sikujijua Mimi

Nimekuwa kimya kwa muda mrefu, na wengine wenu mmeniuliza kama nimehamia ng'ambo. Sijahama. Niko hapa hapa Nairobi, bado naandika programu mchana na kupigana na seva usiku. Lakini leo sitazungumzia lugha mpya ya programu wala simu mpya iliyoingia madukani. Nataka kuzungumzia jambo ambalo nimeliandika na kulifuta mara nne kabla ya kupata ujasiri wa kuliacha hapa.

Nilikuwa mraibu wa kamari ya simu.

Haya, nimelisema. Sasa wacha nieleze, kwa sababu naamini kuna mtu anayesoma haya huku dirisha jingine kwenye simu yake likimwonyesha mechi ya ligi asiyoijua hata jina.

Jumatatu moja asubuhi, mwezi wa pili, nilipigiwa na nambari nisiyoijua. Alikuwa mdogo wangu, yuko kidato cha tatu, ameazima simu ya mwenye duka karibu na shule. Amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. "Kaka, si ulisema umetuma?" Ni kweli nilisema. Tena nilisema mara mbili. Shilingi 18,000 zilikuwa kwenye simu yangu Ijumaa jioni. Kufikia Jumapili usiku, saa saba, zilikuwa zimebaki 340.

Nilikopa kwa mfanyakazi mwenzangu, nikadanganya kuwa kuna mgonjwa nyumbani, nikalipa. Jioni Mama akapiga. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwanangu, kama huna, sema huna. Tutauza hata mbuzi. Lakini usiseme umetuma." Akakata. Mpaka leo sijui nani alimwambia.

Hilo ndilo lililonifanya nitafute njia ya kutoka. Na njia niliyoipata haikuwa ile niliyoitarajia.

HESABU NILIIJUA

Jambo la kuaibisha zaidi ni hili: mimi ni mtu wa hesabu. Naweza kumweleza mtu yeyote kwa dakika tano kwa nini kamari haiwezi kumtajirisha. Hebu tazama.

Mechi ina matokeo matatu: timu ya nyumbani ishinde, sare, au wageni washinde. Tuseme odi ni 2.50, 3.10 na 2.70. Gawanya 1 kwa kila odi: unapata 0.400, 0.323 na 0.370. Jumlisha: 1.093. Kama mchezo ungekuwa wa haki jumla ingekuwa 1 kamili. Ile 0.093 iliyozidi ndiyo faida ya mwenye kampuni, na imo ndani ya odi kabla mpira haujapigwa. Maana yake ni kwamba katika kila shilingi 100 unazoweka, kwa muda mrefu utarudishiwa kama 91 na senti.

Sasa unganisha mechi kumi katika beti moja, kama tunavyopenda, kwa sababu mia moja inaonekana itageuka kuwa elfu themanini. Faida ile inajizidisha mara kumi. Kwa odi za namna hii utarudishiwa, kwa wastani, kama shilingi 41 katika kila 100. Na jakpoti ya mechi 17? Matokeo matatu kwa mechi 17 ni njia 129,140,163. Ukitafuta ile moja iliyo sahihi kwa kubahatisha tu, mungu akupe maisha marefu :-)

Haya yote niliyajua. Niliyajua wakati nikibeti. Kuna kipindi hata niliandika programu ndogo ya kukusanya matokeo ya misimu mitano na kutabiri mechi. Nikajiambia kwamba mimi si mcheza kamari, mimi ni mtafiti. Mraibu mwenye elimu ni hatari kuliko asiye nayo, kwa sababu visingizio vyake vina jedwali na michoro.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba dawa ya kamari ni kuwafundisha vijana hesabu, nacheka kidogo. Wafundishe, ni vizuri. Lakini hesabu inakaa sehemu moja ya kichwa, na mkono unaobonyeza kitufe saa saba usiku unatumwa na sehemu nyingine kabisa.

KWA NINI MKONO HAUSIKII

Wanasayansi wamelijua hili kwa muda mrefu. Mwaka 1957 B. F. Skinner na mwenzake Charles Ferster, wote Wamarekani, walichapisha kitabu kikubwa kuhusu majaribio yao ya wanyama. Walionyesha kwamba njiwa akipata chakula bila kujua ni kudonoa kwa ngapi kutakakomletea punje, hudonoa kwa kasi na bila kuchoka, na hata punje zikikatizwa huendelea kwa muda mrefu. Kinachomfunga ni ile "labda sasa". Punje zenyewe ni chache.

Halafu kuna ile inayotuuma sote: "nilikosa kwa mechi moja tu". Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, waliwapima watu wakicheza mashine ya kamari na kuona kwamba kukosa kidogo huamsha sehemu za ubongo zile zile zinazoamshwa na kushinda. Watu hao hawakufurahia kukosa, lakini walitaka kuendelea. Yaani ubongo unasoma hasara kama dalili kwamba umekaribia. Fikiria hitilafu kama hiyo katika programu yako: inarudisha kosa, lakini mfumo unaandika "imefaulu".

Na mwaka 2013 madaktari wa magonjwa ya akili nchini Marekani, walipotoa toleo la tano la mwongozo wao wa kutambua magonjwa, walihamishia kamari katika kundi moja na pombe na dawa za kulevya. Kwa hiyo tusitaniane kwamba ni uvivu tu wa vijana.

Sisi Wakenya tumeongeza kitu kimoja: njia ya haraka. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, kutuma pesa kumekuwa rahisi kama kutuma ujumbe. Tunajivunia, na tuna haki ya kujivunia. Lakini njia hiyo hiyo inayomfikishia Mama pesa za dawa kwa sekunde chache ndiyo inayopeleka karo ya mtoto kwenye kamari kwa sekunde zile zile. Zamani mtu alihitaji kuvaa viatu, kutoka nje, kupanda gari, kuonekana na watu akiingia kasino. Njiani angeweza kubadili nia. Sasa hakuna njia ya kubadilia nia. Upo kitandani, umefunikwa blanketi.

VIAPO VYANGU

Nilijaribu kwanza kile ambacho kila mtu hujaribu: kuapa. Niliapa mwezi wa kwanza. Niliapa siku ya kuzaliwa kwangu. Nilifuta programu ya kamari kwenye simu mara tatu. Kuifuta kulichukua sekunde tano, kuirudisha dakika moja.

Baadaye nilielewa kosa la viapo. Kiapo hula mtu mmoja na kutimizwa na mwingine. Anayeapa ni yule wa asubuhi, ameoga, ana majuto, ana nguvu. Anayetakiwa kukitimiza ni yule wa saa saba usiku, amechoka, yuko peke yake na simu ina mwanga. Hawa wawili hawajawahi kukutana! Yule wa asubuhi hamjui kabisa yule wa usiku. Na mimi ninayejiita mtaalamu wa kusaka hitilafu nilikuwa nikijaribu kurekebisha mfumo bila kuutazama ukifanya kazi.

Ungemwajiri mtu anayerekebisha seva kwa kuiapia? Hapana. Jambo la kwanza ni kusoma rekodi.

KUSOMA REKODI

Basi niliomba taarifa yangu ya M-Pesa ya miezi 12. Inakuja kama faili la PDF lenye neno la siri. Faili hilo lilikaa kwenye barua pepe yangu siku tisa kabla sijalifungua. Nilikuwa na kazi nyingi, nilijiambia. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Siku ya kumi nikalifungua, nikaandika programu ya mistari kama arobaini ya kuchuja miamala ya kamari. Matokeo yalikuwa haya: niliweka shilingi 318,450. Zilizorudi: 201,300. Zilizopotea: 117,150. Karo ya mdogo wangu ya mihula sita na nusu, zaidi ya kidato cha kwanza na cha pili vyote.

Nilikuwa nimejiambia kila mara kwamba "naenda sawa sawa, leo napoteza kesho napata". Kumbukumbu ya mraibu ni seva mbovu. Ushindi inauhifadhi wote, hasara inaifuta kila usiku.

Lakini kilichonishtua zaidi ya jumla ni saa. Miamala ilikuwa 612. Kati yake, 389 ilifanyika kati ya saa nne usiku na saa nane usiku. Karibu thuluthi mbili! Mimi niliyedai kwamba nabeti kwa sababu napenda mpira, sikuwa nikibeti wakati wa mpira. Jumamosi alasiri, wakati mechi kubwa za Uingereza zinachezwa, nilikuwa shwari. Mzigo wote ulikuwa usiku wa katikati ya wiki, kwenye mechi za vijana wa nchi za mbali na zile mechi bandia zinazotengenezwa na tarakilishi. Kulikuwa na kilima kingine: tarehe 26 na 27 ya karibu kila mwezi, saa chache tu baada ya kutuma pesa nyumbani.

Taarifa ilinionyesha lini. Haikunionyesha kwa nini.

DAFTARI LA SHILINGI AROBAINI

Hapa nikafanya upumbavu ambao wanateknolojia wenzangu wataujua. Nikaamua kutengeneza programu ya simu ya kuwasaidia watu kuacha kamari. Nikakaa wikendi mbili nikichagua rangi. Mpaka saa nane usiku. Mbele ya kioo. Peke yangu. Na mara mbili katika wikendi hizo hizo nilibeti, nikiwa nimeiacha wazi programu ya kuacha kubeti.

Nikaifuta, nikaenda dukani nikanunua daftari la shilingi arobaini na kalamu.

Nilijiwekea kanuni moja tu. Sikujikataza kubeti. Nilijikataza kubeti kabla ya kuandika. Hamu ikija naandika mambo manne: ni saa ngapi, niko wapi, nilikuwa nikifanya nini kabla ya hapo, na nahisi nini. Nikimaliza kuandika, niko huru.

Wiki ya kwanza niliandika mara 23, nikabeti mara 9. Kwangu huo ulikuwa muujiza, maana kabla ya hapo kila hamu ilikuwa beti. Nakili hapa maandishi mawili, kama nilivyoyaandika.

"Saa tano unusu usiku. Mezani. Hitilafu ya malipo ya mteja haijapatikana, siku ya pili. Mabega yanauma. Nataka kushinda kitu leo, hata kama ni kitu gani."

"Saa tatu usiku. Kwenye matatu. Nimetuma 6,000 kwa Mama. Zimebaki 9,200 na kodi bado. Naogopa."

Nilisoma maandishi haya Jumapili, nikayasoma tena. Hakuna mahali nilipoandika "napenda mpira". Hakuna mahali nilipoandika "nataka utajiri". Ilikuwa uchovu, kushindwa na kazi, na woga wa pesa ndogo mbele ya mahitaji makubwa. Kamari ilikuwa dawa yangu ya woga wa kukosa pesa, na dawa yenyewe ndiyo iliyokuwa ikinikosesha pesa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Mimi nilikuwa nikikitafuta kwenye jedwali la ligi.

Jambo jingine daftari lilinifundisha: hamu hupita. Nilidhani hamu ni kama njaa, usipoilisha inazidi mpaka ikuue. Kumbe yangu ilikuwa kama matatu inayopita stendi ikipiga honi. Inapiga kelele, kondakta anakuvuta mkono, usipopanda inaondoka. Kurasa nyingi zinaonyesha ilipungua kabla ya dakika ishirini.

IKIWA, BASI

Kujijua peke yake hakukunitoa. Hili nalisisitiza kwa sababu siku hizi kuna walimu wengi wa "jitambue" wanaoishia hapo. Mtu anaweza kujua kwa ukamilifu kwa nini anazama na bado akazama. Ukishajua hitilafu iko mstari gani, lazima uandike mstari mpya.

Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya namna ya "ikiwa hili litatokea, basi nitafanya hili". Alionyesha kwamba mtu aliyepanga hivyo hutimiza nia yake zaidi kuliko aliyesema tu "nitajitahidi". Mwandishi wa programu gani hatalipenda hilo? Ndiyo kazi yetu ya kila siku. Basi nikaandika zangu, nikazibandika ukutani:

1. Ikiwa ni saa nne usiku, basi simu kubwa inakwenda kuchajiwa jikoni na mimi nabaki na mulika mwizi, ile simu ya vitufe isiyo na intaneti. Atakayenihitaji kwa dharura atanipata.

2. Ikiwa hitilafu imenishinda kwa saa nzima, basi naandika nilichojaribu, nafunga tarakilishi, naosha vyombo. Mara nyingi jibu hunijia mikono ikiwa kwenye sabuni.

3. Ikiwa mshahara umeingia, basi kabla ya chai ya saa nne karo imeshaingia akaunti ya shule, kodi imeshafika kwa mwenye nyumba, na akiba imeshakatwa kwenda SACCO, mahali ambapo siwezi kuitoa usiku nikiwa kitandani.

4. Ikiwa kuna mechi ninayoipenda, basi naitazama kwa jirani, na simu inabaki nyumbani.

5. Ikiwa nimemaliza kuandika na hamu bado ipo, basi nampigia dada.

Tazama vizuri. Nambari moja mpaka nne hazihitaji ushujaa wakati wa hamu. Zimewekwa na yule wa asubuhi kwa ajili ya yule wa usiku. Simu zimenifanyia njia fupi mno kati ya mimi na kosa. Kazi yangu ilikuwa kuirefusha: kurudisha viatu, mlango, na safari ya kwenda kasino.

Na tazama kwamba kila mstari una kitu cha kufanya. Hakuna ulioandikwa "usibeti". Tabia ya zamani haikubali kung'olewa na kuacha shimo. Ilikuwa ikinipumzisha, ikinipa ushindi mdogo. Vyombo safi ni ushindi mdogo pia. Usicheke, jaribu.

Nambari tano ndiyo iliyokuwa ngumu. Dada yangu mkubwa anauza nguo Gikomba, na tangu tukiwa wadogo mimi ndiye "msomi" wa nyumba. Nilimwambia yote siku ya Jumapili, nikiwa na daftari mkononi kama mtoto anayeleta ripoti mbaya. Nilitarajia matusi. Aliuliza swali moja: "Una deni la nani, na kiasi gani?" Tukaandika orodha. Kisha akasema, "Kila Jumapili utaniletea hilo daftari nilisome." Mpaka leo hulisoma. Mficha maradhi kilio kitamfichua, na kilio changu kilikuwa kimeshaanza kusikika.

SIKU YA 47

Siku ya 47 bila kubeti, nilibeti. Shilingi 2,000. Zikaenda zote.

Zamani hapo ndipo ningesema "basi nimeharibu, acha niendelee". Mara hii niliandika. Nilikuwa nimesafiri kikazi Kisumu, hoteli ya wageni, hakuna jiko la kuchajia simu, hakuna vyombo vya kuosha. Kumbe kanuni zangu zilikuwa za nyumbani tu! Nikaongeza ya sita: ikiwa nasafiri, basi simu kubwa inalala mapokezi. Mhudumu wa kwanza niliyemwomba hivyo aliniangalia kama mwendawazimu, lakini aliipokea.

Mnasikia watu wakisema tabia mpya hujengeka kwa siku 21. Dai hilo husimuliwa sana kutokana na kitabu cha mwaka 1960 cha Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa Marekani aliyeona wagonjwa wake wakihitaji angalau siku kama 21 kuzoea sura mpya. Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha UCL, London, walipowafuatilia watu 96 waliojaribu kuanzisha tabia ndogo ndogo kama kunywa maji au kutembea, katika utafiti uliotoka 2009, wastani ulikuwa siku 66, na tofauti kati ya watu ilikuwa kuanzia siku 18 mpaka 254. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakuharibu kazi iliyokwisha kufanywa. Hao walikuwa wakijifunza tabia nzuri, hawakuwa waraibu, kwa hiyo sisi tusitarajie wepesi kuwashinda. Lakini mimi nililishika hilo la mwisho kwa mikono miwili. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Tangu siku ile ya Kisumu, miezi 14 imepita. Sijabeti.

NA SISI TUNAOTENGENEZA?

Kuna atakayesema naubeba mzigo wote mimi mwenyewe huku kampuni zikitajirika. Ana haki, na hapa nataka kusema neno kwa wenzangu wa fani.

Miezi michache iliyopita kampuni moja ya kamari, sitaitaja, iliniita kwa mahojiano ya kazi. Mshahara ulikuwa karibu mara mbili ya ninaoupata. Nikauliza kazi yenyewe ni nini. Wakanieleza bila aibu yoyote: kuandika mfumo wa arifa za kuwarudisha wateja walionyamaza kwa siku tatu. Nikakumbuka siku tatu zangu za kwanza, nilivyokuwa nikizihesabu kama mfungwa. Kuna mtu anayelipwa kuziona siku hizo kama hitilafu ya kurekebishwa. Nilikataa. Sikukataa kwa ushujaa, niliogopa. Lakini nilikataa.

Serikali nayo imeamka kidogo. Mwishoni mwa Aprili 2025 matangazo ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30, na Agosti mwaka huo huo Rais William Ruto alitia saini sheria mpya ya kudhibiti kamari kuchukua nafasi ile ya mwaka 1966, iliyoandikwa kabla simu ya mfukoni haijaota hata ndotoni. Naikaribisha sheria hiyo. Lakini sheria hufanya kazi mchana, ofisini. Hamu hufanya kazi saa saba usiku. Kwa hiyo tudai sheria kali, tukatae kazi zinazotuaibisha, na wakati huo huo kila mmoja aweke simu yake jikoni. Moja haizuii jingine.

Sisemi pia kwamba daftari linamtosha kila mtu. Kama madeni yamekufikisha mahali unafikiria kujidhuru, acha kusoma hapa na umwambie mtu sasa hivi, uende hospitali, uzungumze na mshauri nasaha. Ugonjwa huu umo katika vitabu vya madaktari, si aibu kuwapelekea.

Kwa wengine wote, ombi langu ni dogo. Usiape leo. Umeshaapa vya kutosha. Omba taarifa ya pesa zako za mwaka mzima na uifungue siku hiyo hiyo, usingoje siku tisa kama mimi. Kisha nunua daftari.

Muhula huu karo nililipa tarehe 26, saa tatu asubuhi, moja kwa moja shuleni. Nikampigia Mama kumwambia nimetuma. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Najua. Shule wamenipigia." Alikuwa ameuliza. Bado anauliza kila muhula, na sijakasirika. Imani yake nayo ni tabia, itachukua siku zake.

Tukutane tena panapo majaliwa. Makala ijayo nitarudi kwenye seva, naahidi.